Msaada: mbuzi wa kubadilishwa jeni watoe insulini kwenye maziwa, inawezekana Mwanza?

Kirumba_Juu: Wakuu habarini. Tunaandaa andiko la mradi: mbuzi wa maziwa 20 huko Magu, wawekewe jeni ya insulini ya binadamu, tukamue tuchuje dawa. Maziwa ya kwanza yatachukua muda gani?

Mwalimu_Jeni: Mkuu, badilisheni protini kwanza. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria imeruhusiwa Marekani tangu 1982. Kwa bei hamuwawezi. Tena ikivuja toka kiweleni kuingia kwenye damu, sukari ya mbuzi inashuka na anaweza kufa. Mnyama anafaa kwa protini kubwa zinazotaka kuvishwa minyororo ya sukari, kazi isiyo ya bakteria wa kawaida. Dawa ya ATryn, ya maziwa ya mbuzi, ya kuzuia damu kuganda, iliruhusiwa Ulaya 2006 na Marekani 2009. Ruconest ni ya maziwa ya sungura. Kanuma ni ya ute wa yai la kuku.

Jeni huunganishwa na swichi ya beta-kasini (protini ya maziwa) ili iwake kiweleni tu. Ukiidunga kwenye yai lililorutubishwa, wanaozaliwa nayo ni wachache, na baadhi wanaibeba kwenye sehemu tu ya seli zao, hivyo wanaweza wasiirithishe. Toka kupandikiza kiinitete hadi maziwa: mimba miezi 5, jike akue 7 au 8, apandwe, mimba tena 5. Kama mwaka mmoja na nusu, mambo yakienda sawa.

Nyakato_Maabara: Hapo bado hamjafika kwenye ndoo, ndiko hela inakoishia. Maziwa yapoe hadi nyuzi 4 papo hapo. Umeme ukikatika bila jenereta, andika hasara. Mafuta hutolewa kwa mashine ya kuzungusha. Kasini hugandishwa kwa asidi, pH 4.6, ila protini yenu inaweza kuzama nayo au kuharibika, ndiyo maana wengine huchuja kwa utando. Antithirombini, yaani protini ya ATryn, hunaswa kwenye safu ya heparini, kitu inachoshikamana nacho, kisha virusi viuliwe na vichujwe. Mbuzi mwenye ugonjwa wa kiwele msichanganye maziwa yake: vimeng'enya kama plasmini huikatakata protini.

Kirumba_Juu: Asanteni wakuu. Maziwa ya mbuzi ambao jeni haikuingia, tunaweza kuuza mtaani?

Mdau_Kanuni: Usijaribu. Kibali cha mifugo ya namna hii ni suala la Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira, chini ya kanuni za 2009 za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni. Dawa yenyewe ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Andikeni kwenye andiko lenu: uzio mara mbili, kila mbuzi na namba yake, mizoga ichomwe, maziwa yasitoke bandani.