Mdogo wangu apelekwe wapi: Yombo, VETA, au achukue mkopo wa asilimia 2?

KakaMbagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, nina uamuzi wa kufanya kabla mwezi huu haujaisha. Mdogo wangu ana ulemavu na hana kazi tangu mwaka jana. Mbele yangu kuna njia tatu: chuo cha Yombo cha watu wenye ulemavu, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, au aachane na masomo aombe ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 2 ya mapato yake inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, afungue biashara. Mfukoni nina laki nane za kumsogeza. Mngekuwa ninyi mngeanza na ipi?

MamaTabata
Ulemavu gani, ndugu yangu? Haoni, hasikii, mguu, mkono? Ana umri gani, amesoma mpaka wapi, alikuwa anafanya kazi gani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

MtuWaMoto
Mimi nasema Yombo, na nasema kwa sababu nimepita pale. Nina polio, miguu yote miwili. Chuo kipo Temeke tangu 1973, ni cha serikali, kina bweni. Nilisomea uchomeleaji. Kitu ambacho sijakisahau ni siku ya kwanza karakana: fundi mwalimu hakuniuliza nitaweza au sitaweza. Aliita wenzangu wawili, wakashusha meza ya kazi mpaka ikalingana na kiti changu, akanipa miwani ya kuchomelea, tukaanza. Nilikuwa na miaka 22 na hakuna mtu aliyewahi kushusha kitu chochote kwa ajili yangu. Leo nachomelea mageti na madirisha, nina vijana wawili chini yangu. Fomu uliza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Kinyozi_Mwenge
Kaka hapo juu hongera, lakini mimi sipendi vyuo vya kutengwa. Ukimaliza unatoka kwenda kwenye dunia ya watu wote, sasa kwa nini usisome na watu wote? VETA wanapokea wenye ulemavu, na cheti chake mwajiri yeyote anakijua. Jumuishi ndiyo njia.

Mshonaji_K
Kinyozi, hilo neno jumuishi ni zuri, na mimi nilienda nalo hivyo hivyo. Naomba nieleze kidogo.

Mimi ni kiziwi tangu nina miaka sita, homa ya uti wa mgongo. Nilisoma ushonaji kwenye chuo cha mchanganyiko, sitakitaja. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Waliniambia nikae mbele, basi. Sasa fikiria mwalimu wa ushonaji anavyofundisha: anakaa kwenye cherehani, anainamia kitambaa, anaongea huku anashona. Wenzangu wanasikia. Mimi naona kisogo chake. Akigeuka kutuangalia, maneno yameshaisha na mguu uko kwenye pedali tena.

Kulikuwa na dada mmoja tuliyekaa dawati moja, alikuwa ananiandikia kwenye kona ya daftari lake kisha analisogeza taratibu. Nilimaliza mwaka kwa mkono wa yule dada. Aliugua malaria wiki moja, na wiki hiyo hiyo darasa lilifundishwa zipu ya suruali. Mpaka nahitimu sikujua kuweka zipu. Nilikuja kujifunza nyumbani kwa kufumua suruali ya kaka yangu, kipande kwa kipande, nikiweka alama ya chaki kila mahali uzi ulipopita, kisha nikairudisha. Cheti ninacho. Lakini waliponiita kujaribiwa kiwandani, msimamizi alitoa maelekezo kwa mdomo akiwa nyuma yangu, mashine zote zinanguruma. Nilisimama tu. Wakasema huyu hajui kazi.

Kwa hiyo KakaMbagala, kabla hujalipa hata shilingi, nenda chuoni na mdogo wako, ukaone darasa lenyewe likiendelea. Usiishie ofisini.

MamaTabata
Mshonaji pole sana mdogo wangu. Hiyo ya zipu imeniumiza.

Kinyozi_Mwenge
Dada nimekuelewa, na nasahihisha kauli yangu. Kuchanganya watu bila mkalimani si ujumuishi.

Mwana_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Huku tuna karakana za Bombolulu tangu 1969, ziko chini ya APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya. Shangazi yangu alitengeneza mapambo ya shaba pale miaka mingi, akasomesha watoto. Kwa hivyo msiseme mahali pa walemavu pekee ni pabaya. Ubaya ni watalii wakipungua, mauzo nayo hushuka. Kazi ya kutegemea mgeni ina shida hiyo.

MtuWaMoto
Ndugu wa Mombasa, nakuomba: watu wenye ulemavu, si walemavu. Mtu anatangulia.

Mwana_Kisauni
Sikukusudia ubaya, ndugu. Shangazi mwenyewe hujiita mlemavu na hataki jina jingine.

MtuWaMoto
Yeye ana haki ya kujiita. Mimi nilikataliwa chumba cha kupanga kwa neno hilo hilo, ndiyo maana silizoei.

Iringa_Mjini
Wakati mnajadili majina, kwetu Iringa kuna Neema Crafts, ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, tangu 2003. Ukienda mgahawani wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka au unaonyesha kwa alama. Walianza na karatasi za kinyesi cha tembo. Kaka, mdogo wako yuko mkoa gani? Bado hujamjibu Mama.

KakaMbagala
Samahani wote, nilikuwa zamu. Mdogo wangu ana miaka 27, kidato cha nne. Yuko kwangu Mbagala sasa. Amepoteza vidole vinne vya mkono wa kulia, kimebaki kidole gumba. Alikuwa fundi mbao mzuri sana. Kila jioni anachukua daftari la mwanangu wa darasa la pili, anafanya mwandiko kwa mkono wa kushoto pamoja naye. Mtoto ndiye anamsahihisha. Hapo ndipo nilipoona siwezi kungoja tena.

Dada_Utumishi
Subiri. Vidole alikatika wapi, na lini?

KakaMbagala
Kazini, Mafinga, mwezi wa nane mwaka jana. Mashine ya kuchana mbao, wenyewe wanaiita dingdong. Bosi alilipa hospitali, akampa laki tatu ya pole, akamwambia apumzike. Hakuitwa tena.

Dada_Utumishi
Ndugu yangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Hiyo ni ajali ya kazini. Kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mafao yake hayaishii kwenye matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24. Kuna ulemavu wa kudumu: daktari anapima kiwango, na kikizidi asilimia 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi. Na kuna utengamao, ambao ndani yake kuna kumwandaa mtu kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine. Yaani hayo masomo unayotaka kuyatoa kwenye laki nane zako yana mlango wake.

Sheria inataka taarifa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwezi wa nane mwaka jana, hesabu mwenyewe. Acha vyuo wiki hii, shughulikia hili kwanza.

KakaMbagala
Hana mkataba wa maandishi. Alikuwa analipwa kwa wiki, kwenye simu. Na bosi nasikia hajajiandikisha popote.

Dada_Utumishi
Ujumbe wa malipo kwenye simu ni ushahidi, usifute hata mmoja. Karatasi za hospitali. Majina ya waliokuwa naye kwenye mashine siku ile. Peleka vyote WCF wenyewe na kwa afisa kazi. Bosi kutojiandikisha ni kosa la bosi, mdogo wako asilibebe. Na ile laki tatu haifungi madai.

Iringa_Mjini
Mafinga naifahamu. Vijana wanaogopa kutoa ushahidi kwa sababu kesho wanataka kuitwa tena kazini. Mwambie awapigie mwenyewe, kwa sauti yake.

Kinyozi_Mwenge
Na kama alikuwa fundi tayari, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Anapimwa, anapewa cheti bila kuanza moja. Akawa msimamizi wa karakana au mpima mbao. Kichwa chake hakikukatwa.

Baba_Swaumu
Cheti bila ajira ni karatasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Niliitwa usaili mara moja, ghorofa ya nne, lifti hakuna, na mimi natembelea magongo. Nilipofika juu nimelowa jasho, wakaniuliza kama nitamudu presha ya kazi. Achukue mkopo. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Aende kwa afisa maendeleo ya jamii, anunue bajaji. Mimi bajaji ndiyo inayolisha nyumba yangu.

Dada_Utumishi
Baba pole kwa hilo. Mimi nimekaa upande wa waajiri na nimeona wengine wanaandika "hatukupata waombaji" wakati tangazo walilibandika getini kwao tu.

MamaTabata
Bajaji? Moto wa bajaji, ule mpini wa kuongezea mafuta, si uko mkono wa kulia, jamani? Ataushika na nini?

Baba_Swaumu
Unahamishika. Mimi breki ya mguu niliwekewa ya mkono, fundi wa Gerezani, siku mbili. Tatizo la kuhamishia moto kushoto ni kwamba gia na klachi viko kushoto tayari.

MtuWaMoto
Nimetengeneza ya jirani yangu, naye hana vidole vya kulia. Niliweka bangili ya chuma yenye ngozi ndani, kifundo kinaingia, mkono mzima unazungusha moto. Breki haikuwa tabu, kwenye bajaji iko mguuni. Lakini barabara ya mashimo inamchubua, inabidi avae soksi chini ya ngozi.

KakaMbagala
Nimesoma kila neno. Jumatatu naomba ruhusa kazini, tunakwenda WCF wote wawili. Yombo au VETA bado sijui, na yeye mwenyewe nilikuwa sijamuuliza anataka nini. Nimemsomea hapa sasa hivi. Kanyamaza kwenye chuo, kanyamaza kwenye mkopo. Ila ameniambia nimuulize MtuWaMoto: hiyo bangili, inaweza kushika randa?

MtuWaMoto
Alete mkono wake nipime. Randa ya mkono inasukumwa, sidhani itashindikana. Niko Tandika, nakuandikia pembeni.