Jibu: Kujifungua huku unalea watoto wa watu nyumbani

> Assalaam alaykum. Nipo London, nimesajiliwa Ofsted (wakaguzi wa serikali wa shule na malezi ya watoto), naangalia watoto nyumbani. Mimba ina miezi mitano. Mama anakuja kutoka Wete kunilea arobaini. Nimefikiri awashike na hawa watoto wa watu, nisipoteze wateja. Mnasemaje?

Waalaykumu salaam mdogo wangu, hongera. Mie nimesharudi Unguja, lakini kazi hiyo nimeifanya huko miaka.

La mama liondoe kabisa. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi kwenye biashara yako, hata bure. Tena kila mtu wa miaka 16 na zaidi anayeishi nyumba hiyo hukaguliwa DBS (rekodi ya uhalifu), kwa hiyo waulize Ofsted kabla hajafika. Bi mkubwa mwache akukande kwa maji ya moto, akupikie uji wa pilipili manga. Kazi yake ni wewe na kichanga.

Pesa: dai Maternity Allowance, posho ya uzazi ya serikali. Uwe umejiajiri angalau wiki 26 katika zile 66 kabla ya tarehe ya kujifungua. Hulipwa mpaka wiki 39, na maombi hupokelewa mimba ikifika wiki ya 26, kwa hiyo sasa tayarisha karatasi tu. Mwombe mkunga cheti cha MATB1, kinachothibitisha mimba; fomu ya kuombea posho ni MA1. Kima kamili kinataka michango ya Class 2 (bima ya taifa ya waliojiajiri) ya wiki 13. Ikipungua unaweza kulipia. Ukipuuza utaambulia paundi 27 kwa wiki. Ndani ya likizo unaruhusiwa siku 10 za kazi bila kukatwa.

Wateja sasa. Najua kwetu mimba haitangazwi, watu wanaogopa jicho. Lakini wazazi wa huko wanatafuta nafasi miezi kabla, na ukiwaambia wiki za mwisho wanaondoka na hawarudi. Waambie mwezi huu, kwa maandishi: unafunga lini, unafungua lini, na likizo yako hawailipii. Mtafute mwenzio jirani aliyesajiliwa awapokee kwa muda. Mmoja wawili watamganda huyohuyo, ndiyo biashara.

Na usipokee kichanga kingine cha kuanza ukirudi. Wako naye anahesabiwa, na mwisho ni watoto sita chini ya miaka 8, kati yao watatu chini ya 5, na mmoja tu chini ya mwaka. Kuna ruhusa ya kuzidisha kwa mwanao mwenyewe, ila lazima uonyeshe kwamba kila mtoto bado anaangaliwa vya kutosha. Mie ningeiacha nafasi hiyo wazi mpaka atimize mwaka.