Rangi ya gari imechoka: tupeane uzoefu wa madoa, mikwaruzo na kupauka

MzeeWaDX (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Kila gari kuukuu likipelekwa kwa fundi, jibu ni lile lile: "Tulipige sprei lote." Hizo ni pesa nyingi. Kabla hujazitoa, jua kwanza doa limekaa wapi: juu ya rangi, ndani ya kliya (tabaka la juu lisilo na rangi, la kukinga), kwenye rangi yenyewe au kwenye bati. Semeni mlitambuaje, kisha mlitibu vipi.

Naanza. Corolla DX nyekundu ya miaka ya 1980, boneti imepauka hadi inaacha unga kidoleni. Nilitia kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) kidogo kwenye kitambaa cheupe nikasugua pembeni, kitambaa kikatoka chekundu. Maana yake ni rangi ya zamani isiyo na kliya juu, na jua lilikuwa limekula ngozi yake tu. Nilisugua kwa mkono kivulini, kipande kwa kipande, nikamalizia na nta. Wekundu ulirudi wote. Kwenye kingo za boneti nenda polepole, rangi huwa nyembamba pale na praima (rangi ya msingi iliyo chini) iko karibu. Nta nairudia kila baada ya miezi michache, la sivyo inapauka tena.

DadaFielder (Kisumu)
Asante mzee. Langu ni Fielder ya silva, paa lilitoka mabaka meupe. Kijana wa kuosha gari alinihakikishia polishi itayatoa. Nikapitisha kucha ukingoni mwa baka, ganda likainuka, jembamba na la kuonyesha ndani, kama la kitunguu. Hiyo haina polishi jamani! Kliya ikishaachana na rangi hairudi. Fundi wangu wa Kibuye alipiga msasa hadi pale kliya bado imeshika imara, akapiga rangi na kliya upya paa zima, milango hakuigusa. Nilimwomba aunge kliya mpya na ya zamani katikati ya paa ili nipunguze gharama, akakataa, na leo namshukuru. Kiungo cha kliya kwenye bati pana linalochomwa na jua la huku ndicho huanza kubambuka.

ChiniYaMjakaranda (Nakuru)
Mimi shida ni ndege. Kinyesi kikikaukia juani kinauma kliya. Usikikwangue, kina mchanga ndani. Weka kitambaa chenye maji juu yake, subiri kilainike, ndipo uinue. Alama ikibaki na inang'aa vibaya upande mmoja, kompaundi laini inaiondoa mradi haijazama sana. Miduara myeupe ya maji ya kisima ni kitu kingine: siki na maji sawa kwa sawa, futa, suuza haraka.

MatopeMengi (Kakamega)
Madoa yenu ni ya juu, yangu yalitoka ndani. Malengelenge madogo juu ya tairi la nyuma. Nilikuwa nimeambiwa ni rangi mbaya. Nikafunga sumaku kwa kitambaa nikaipitisha: inashika, inashika, halafu inateleza. Hapo ni puti (ya kujazia mabonde na matundu), si bati. Bisibisi ikazama bila kutumia nguvu. Matope ya barabara za miwa yalikuwa yameganda ndani ya madigadi, na mvua za huku haziyapi nafasi ya kukauka. Tulikata bati bovu, tukachomelea jipya, tukapaka praima ya kuzuia kutu pande zote mbili. Anayekuambia apake rangi juu ya malengelenge, kimbia. Siku hizi kila nikiosha gari naingiza mpira wa maji humo ndani.

Lwang'ni_Boy (Kisumu)
Mulika boneti kwa tochi ya simu usiku. Ukiona mikwaruzo ya duara, chanzo ni kitambaa cha kuoshea kilichoanguka mchangani. Tumia ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuza.

Mgeni_Bungoma
Mkwaruzo wa kijiti mlangoni, nitumie msasa namba 2000?

MzeeWaDX (Nakuru)
Ndugu, ulowanishe maji kwanza. Ukipotea wakati umelowa, uko ndani ya kliya, polishi inatosha. Kucha ikikwama, weka msasa chini. Kliya ya kiwandani huwa kama maikroni 40 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, ukiimaliza huna kinga. Tafuta rangi ya kugusia, ile ya kupaka kwenye mkwaruzo tu. Kama ni Toyota, namba ya rangi iko kwenye kibati cha chini ya boneti au nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR. 040 ni nyeupe, 1F7 ni silva. Tuma picha mchana, mlango ukiwa umeoshwa.