Yesu wa Nazareti aliishi kweli? Leteni ushahidi mezani

Wakuu, kuna hoja inazunguka sana siku hizi, hasa kwa vijana waliochoshwa na mahubiri ya vipaza sauti: kwamba Yesu hakuwahi kuishi. Wanadai ni hadithi ya Horus, mungu wa Misri ya kale, iliyopakwa rangi upya, ikapigwa mhuri na Kaisari Konstantino wa Roma kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325, kisha wamishonari wakatuletea. Upande wa pili nao wanajibu kwa kurusha jina la mwanahistoria Josephus na sanda ya Turin, kitambaa kinachodaiwa kuwa alizikwa nacho Yesu, na kuanzia hapo ni matusi tu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnishambulie vizuri. Yesu aliishi. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, alibatizwa na Yohana, akasulubiwa Yerusalemu enzi za Pontio Pilato. Hayo nayatetea kwa vigezo vilevile vinavyotumika kupima habari za mtu yeyote wa kale. Kutembea juu ya maji na kufufuka siyagusi, kwa sababu historia haina mizani ya kupimia muujiza. Ila lawama yangu naigawa pande zote: waumini na wapinzani wanashindana kuleta ushahidi mbovu, na ule mzuri hakuna anayeusoma.

Tuanze na Horus maana ndiye kipenzi cha wengi. Eti alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi 12, akasulubiwa, akafufuka siku ya tatu. Madai haya yana mizizi kwa waandishi wa karne ya 19, na yalivuma upya kupitia filamu moja ya mtandaoni ya mwaka 2007. Sasa someni masimulizi ya Wamisri wenyewe. Osiris anauawa na Seth, mkewe Isis anamrudishia uhai kwa muda, na kwa mumewe huyo ndipo anapata mimba ya Horus. Ubikira uko wapi hapo? Wanafunzi 12 hawamo, msalaba haumo. Na 25 Desemba haimo hata kwenye Injili. Ni sikukuu tunayoanza kuiona Roma karne ya nne. Anayeipenda Misri ya kale ana mengi ya kweli ya kujivunia, haina haja ya kuzushiwa.

Konstantino hachukui muda. Karibu mwaka 112, gavana Pliny wa Bithinia, eneo ambalo leo liko Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo wanaokutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Konstantino alikuwa bado hajazaliwa, na hata babu yake hajazaliwa. Huko Dura-Europos, kwenye ukingo wa Frati nchini Syria, wamefukua nyumba iliyogeuzwa kanisa, na ukutani kuna mchoro wa Yesu akimponya mwenye kupooza. Mji ule uliangamizwa karibu mwaka 256 na mchoro ukabaki chini ya kifusi. Waliokutana Nikea walibishana Mwana ana hadhi gani mbele ya Baba. Kama aliishi au hakuishi halikuwa swali la mtu yeyote mle ndani.

Sasa ndugu zangu waumini, nanyi nisikilizeni. Sanda ya Turin iacheni. Mwaka 1988 maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima vipande vyake kwa kaboni na kupata miaka kati ya 1260 na 1390. Najua kuna wanaopinga vipimo vile, lakini huwezi kufanya nguzo ya hoja kitu ambacho kila ukikitaja lazima kwanza ukitetee. Lile sanduku la mifupa lenye maandishi "Yakobo mwana wa Yosefu ndugu wa Yesu" lililotangazwa mwaka 2002 nalo liacheni. Lilitoka kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, halikuchimbuliwa na wataalamu, na mwenye nalo akaburuzwa mahakamani kwa kughushi. Mwaka 2012 mwendesha mashtaka alishindwa kuthibitisha shtaka la kughushi, ila hakimu hakusema kwamba maandishi yale ni ya kweli.

Josephus ndiye anayehitaji kituo. Huyu ni Myahudi wa ukoo wa kikuhani, alizaliwa Yerusalemu mwaka 37, akaishia Roma chini ya hifadhi ya makaisari, na karibu mwaka 93 akamaliza historia ndefu ya Wayahudi. Katika kitabu cha 18 kuna aya inayonukuliwa kwa mbwembwe kila mhadhara: kwamba Yesu "alikuwa ndiye Kristo" na kwamba aliwatokea wafuasi wake siku ya tatu akiwa hai. Jiulizeni, Myahudi aliyekufa Myahudi angeandikaje hivyo? Origen, mwanazuoni Mkristo wa karne ya tatu aliyemsoma Josephus, anasema wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Karne iliyofuata, askofu Eusebius ananukuu aya ile ikiwa imekamilika na utukufu wake wote. Kuna mkono wa Mkristo umepita pale. Wataalamu wengi wanaona Josephus aliandika kitu kifupi kuhusu Yesu na wanakili wakakiremba. Wachache wanasema aya nzima ni ya kupachikwa. Mimi niko na wengi, lakini siiegemei.

Kwa sababu kuna kitabu cha 20, ambacho kwenye mihadhara hukisikii kikitajwa. Mwaka 62 gavana Festo amefariki, mrithi wake Albino bado yuko safarini. Kuhani mkuu Anano anaona mwanya, anaitisha baraza na kuwahukumu watu kadhaa wapigwe mawe, mmoja wao ni Yakobo, "ndugu wa Yesu aitwaye Kristo". Waadilifu wa mji wanachukia, wengine wanakwenda kumlaki Albino njiani kumshtakia, na Anano anavuliwa ukuhani baada ya miezi mitatu tu. Tazameni jinsi habari ilivyokaa. Mhusika ni Anano na jinsi alivyopoteza cheo. Yakobo anapita tu, na Yesu ametajwa ili msomaji ajue ni Yakobo yupi kati ya akina Yakobo wengi. Hakuna sifa wala ufufuo. Mtu wa kupachika maneno asingekuwa bahili kiasi hicho. Isitoshe, mwaka ule Josephus alikuwa na miaka 25 hivi. Aliyekuwa anaandika ni mtu aliyekulia katika mji uleule, akisimulia kashfa ya makuhani wa tabaka lake.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, naye ni shahidi mzuri kwa kuwa hakuwapenda Wakristo hata kidogo. Akieleza moto ulioteketeza Roma mwaka 64, anasema Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba Kristo wao aliuawa na Pontio Pilato enzi za Tiberio. Lakini tusimkuze. Aliandika karibu mwaka 116, na cheo alichompa Pilato sicho kilicho kwenye jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961, linalomwita praefectus. Huenda alipokea tu yaliyokuwa yakisemwa mjini.

Sasa nije kwenye ule ushahidi mzuri, na utanishangaa, kwa sababu uko kwenye Biblia yako mwenyewe. Msiniambie "hiyo ni ya dini, haihesabiki". Barua ni barua. Mwanahistoria anaisoma kama anavyosoma barua ya mfanyabiashara au ya mwanajeshi: nani kaandika, lini, kwa nani, alikuwa anataka nini.

Waraka kwa Wagalatia uliandikwa miaka ya 50, na hata wasomi wasio na dini wanakubali ni wa Paulo. Paulo ana hasira. Kuna watu wanamwambia yeye ni mtume wa daraja la pili, aliyefundishwa na wakubwa wa Yerusalemu. Anajitetea kwamba hakufundishwa na mtu, na kwa jinsi alivyobanwa inabidi akiri ni mara ngapi alionana na hao wakubwa: baada ya miaka mitatu alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Petro siku 15, na mtume mwingine hakumwona ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Halafu anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Sura inayofuata anasimulia alivyogombana na Petro uso kwa uso kule Antiokia.

Hebu tulieni hapo. Kwa hoja yake ingemfaa zaidi kama asingewahi kuonana na Yakobo. Anamtaja kwa shingo upande, kwa sababu wapinzani wake wanajua walionana. Na tukihesabu, ziara ile haijafika miaka kumi tangu kusulubiwa. Ni mtu aliyewatesa wafuasi wa Yesu, akageuka, akaketi na rafiki wa Yesu na ndugu wa Yesu. Kwa watu wa kale wangapi tuna kitu cha karibu namna hiyo?

Tuongeze na mambo yaliyowatia aibu waandishi wa Injili. Marko anasema bila kigugumizi kwamba Yesu alibatizwa na Yohana, ubatizo wa toba. Mathayo anaona haya, anamweka Yohana akikataa kwanza: mimi ndiye wa kubatizwa nawe. Luka anamfunga Yohana gerezani kabla hata hajautaja ubatizo wa Yesu. Injili ya nne inamleta Yohana lakini tendo lenyewe inaliruka. Kadhalika Nazareti. Masihi alitakiwa kutoka Bethlehemu, na Mathayo na Luka wote wanahangaika kumfikisha huko, kila mmoja kwa njia yake. Kwa Mathayo familia inaonekana ya Bethlehemu tangu mwanzo na inahamia Nazareti baadaye kwa kumwogopa mwana wa Herode. Luka anawatoa Nazareti kwa sababu ya sensa ya Kirenio, ambayo ilifanyika mwaka 6 B.K., miaka kama kumi baada ya Herode kufa. Masimulizi hayo hayapatani, na mimi silazimishi yapatane. Ila mtu wa kubuni ungemzalisha Bethlehemu na kumlea Bethlehemu, ukamaliza kazi. Nazareti imebaki kwa sababu kila mtu alijua ndiko alikotoka.

Nyongeza, baada ya majibu ya kwanza.

Mkuu mmoja ameuliza: "Philo wa Aleksandria aliishi wakati uleule na Pilato anamtaja, mbona Yesu hamtaji?" Swali zuri. Philo alikuwa mwanafalsafa Myahudi. Philo hamtaji hata Yohana Mbatizaji, ambaye Josephus anasema alikuwa na umati hadi Herode Antipa akaogopa. Na huyo Pilato, gavana wa miaka kumi, katika kumbukumbu za ofisi yake haujabaki ukurasa hata mmoja. Kinjekitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwaka 1905, na mengi tunayoyajua kuhusu mafundisho yake tumeyapata kwa wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo Kinjekitile hakuwepo. Tunabishana alisema nini hasa kuhusu maji, na huo ni ubishi halali.

Sheikh wangu mmoja amenikumbusha An-Nisaa aya ya 157, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Shukrani, sheikh. Tuko pamoja kwamba Isa bin Mariamu aliishi. Kuhusu msalaba, vyanzo vya wafuasi wa karne ya kwanza vinasema alisulubiwa, na Tacitus, asiyewapenda, anasema aliuawa na Pilato, na mwanahistoria hana budi kusimama navyo. Wewe umeipokea aya ile kama wahyi, Mkristo naye ameupokea ufufuo kwa imani, na mimi sina kifaa cha kupimia kimoja wala kingine.

Mwingine, huyu kajiandaa kweli, anafuata hoja ya Richard Carrier, mwandishi anayedai Yesu hakuishi: "ndugu wa Bwana" ni jina tu la kila Mkristo aliyebatizwa. Mkuu, soma sentensi yote. Petro yumo humohumo na hakupewa jina hilo. Kwenye Wakorintho wa Kwanza 9:5 Paulo anataja mitume wengine, na ndugu za Bwana, na Kefa (ndiye Petro), kila mmoja mbali. Kama ni jina la waamini wote, Petro alikuwa hajabatizwa? Na Josephus, asiye Mkristo, alijifunzia wapi kuwaita hivyo? Najua jibu lenu la akiba ni kwamba Yesu wa kitabu cha 20 ni yule mwana wa Damneo aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Anano. Basi itabidi mfute maneno "aitwaye Kristo" bila nakala hata moja ya kuwaunga mkono. Nasubiri mnieleze Paulo alikaa Yerusalemu siku zile 15 na nani, na Anano alimpiga mawe ndugu wa nani.