Fundi anasema AC ya R32 haihitaji vakyumu (kunyonya hewa yote kwenye paipu kwa pampu), "tunapuliza gesi tu". Ni sahihi?

Mbezi_Juu:
Wakuu, nimenunua AC ya ukutani ya BTU 12,000, inverta, gesi R32. Chumba ni mita 4 kwa 3.5, ukuta wa tofali za inchi 6, dirisha linaangalia magharibi, dari ya jipsam chini ya bati. Mashine ya nje itakaa ukuta wa nyuma, paipu kama mita 4. Fundi aliyekuja kupima anasema pampu ya vakyumu ni mbwembwe: atafungua valvu kidogo, gesi isukume hewa, abane nati, kazi imekwisha. Umeme anataka kuutoa kwenye soketi iliyo karibu na kitanda. Nishaurini kabla sijampa advansi.

Kopa_na_Gesi:
Mkuu, usimpe. Kupuliza ni tabia iliyobaki toka enzi za gesi ya zamani, R22, na hata wakati ule haikuwa sahihi, ila oili ya zamani ilikuwa na uvumilivu. Oili ya mashine za R32 inakunywa unyevu kama sifongo. Unyevu ukikaa mle na joto la kompresa, inazaliwa asidi inayokula vanishi ya waya za mota. Hewa iliyobaki nayo haigeuki kimiminika, kwa hiyo shinikizo linapanda, kompresa inachemka na umeme unaliwa zaidi. AC itapoza vizuri tu wiki ya kwanza, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Halafu kuna hesabu ya gesi. Mashine ya ukubwa huo huja na gramu 600 hadi 900 hivi, iliyopimwa kiwandani. Ukipuliza, hujui umetupa gramu ngapi. Na R32 inawaka, hata kama si kwa urahisi wa gesi ya kupikia, kwa hiyo kuiachia chumbani huku mtu anavuta sigara ni kutafuta balaa.

Fundi_Pimamaji:
Kazi yenyewe iende hivi. Bati la kutundikia mashine ya ndani lipimwe kwa pimamaji, juu libaki angalau sentimita 15 hadi darini, soma kitabu chake maana kila modeli ina kipimo chake. Tundu la ukutani milimita 65, lishuke kuelekea nje milimita 5 hadi 10. Likishuka kuelekea ndani, maji ya mvua na ya dreni yatakuja kitandani.

Paipu ni robo inchi na inchi 3/8 kwa modeli nyingi za BTU 12,000, nyingine zinataka nusu inchi. Angalia nati zilizokuja na mashine. Kata kwa kikata paipu, si msumeno. Ukitoa makali ya ndani, elekeza mdomo wa paipu chini ili chembe za kopa (shaba nyekundu) zidondoke nje, zikiingia zitafika kwenye valvu. Ingiza nati KABLA ya kutanua flea, yaani mdomo wa paipu uliopanuliwa kama tarumbeta (kila mtu amewahi kusahau, hakuna asiyesahau). Flea nzuri inang'aa pande zote, haina ufa wala mkwaruzo. Paka tone la oili ya kompresa mgongoni, usiweke tepu ya teflon wala gundi yoyote, kwa sababu kinachoziba ni kopa kukandamizana na brasi (shaba ya njano).

Kubana ndiko wengi wanakoharibu. Nati ya robo inchi Nm 14 hadi 18, ya 3/8 Nm 34 hadi 42, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kubana) na spana ya pili ya kushikilia. Anayebana kwa nguvu za mkono "mpaka ilie" anapasua flea, na gesi inavuja polepole miezi mitatu.

Kopa_na_Gesi:
Naongezea: kabla ya vakyumu ajaze naitrojeni kwenye paipu, valvu za mashine ya nje zikiwa bado zimefungwa. Psi 400 inatosha, kupitia regyuleta, apake maji ya sabuni kila nati na kuacha dakika 20 sindano ya geji isicheze. ASITUMIE OKSIJENI ya kuchomelea. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili inalipuka.

Na geji zake aziangalie. R32 ikiwa imetulia kwenye joto la 30 ina karibu psi 265. Geji za R22 upande wa bluu hazikutengenezwa kwa hilo.

Mwana_wa_Likoni:
Nyinyi mwasahau maji, na hapa pwani maji ndiyo lawama namba moja. Mashine nyingi za ukutani zina valvu ya kupunguza shinikizo kule nje, kwa hiyo paipu NDOGO pia huingia ndani ikiwa baridi. Fundi avalisha sponji paipu kubwa tu, ndogo aiwacha uchi, kisha mwenye nyumba aona rangi yavimba ukutani na kudhani ni mvua. Zote mbili zivalishwe, kila moja na yake, hadi kwenye nati, maungio yazibwe kwa tepu.

Dreni (paipu ya kutoa maji) ikae chini kabisa ya fungu la paipu, isipande popote. Isiishie kwenye chemba ya choo, harufu itarudi chumbani. Ncha isizame kwenye ndoo yenye maji, hewa itaziba njia. Mwaga lita moja kwenye trei kabla fundi hajafunga tepu ya nje, uone yatoka yote.

Ikiwa upepo wa bahari wakufikia, mashine ya nje iwekwe upande uliokingwa, isuuzwe kwa maji matamu. Chumvi yala mapezi ya alumini.

WayaMwekundu:
Soketi, hapana. Inakula ampea 5 au 6 tu, kweli, lakini mguso legelege wa soketi ya kawaida ukikaa na mzigo huo kwa muda wa saa nane kila usiku unaungua. Waya wake peke yake kutoka bodi, 2.5 mm², breka 16A, kinga ya 30 mA (inayokata umeme ukivuja), na ethi iliyopimwa, si waya wa kijani uliochomekwa tu. Weka na kilinda volti chenye kuchelewesha dakika tatu umeme ukirudi. Waya kati ya mashine mbili usiungwe katikati kwa kusokota, na ufungwe namba zilezile pande zote mbili: ukifungwa namba tofauti, mashine zinashindwa kuwasiliana na unapata alama ya hitilafu kwenye skrini.

Mbezi_Juu:
Asanteni sana. Amekubali kukodi pampu, ila mita ya mikroni (ya kupimia vakyumu) hana. Geji inatosha?

Kopa_na_Gesi:
Sindano ya geji haioni tofauti kati ya mikroni 500 tunazozitaka na mikroni 5,000 zenye unyevu, zote inaonyesha mwisho wa kushoto. Akodi na mita. Iende chini ya 500, afunge valvu ya geji, azime pampu, asubiri dakika 10. Ikipanda kidogo na kusimama, ni unyevu, aendelee kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna nati inavuja, arudi kwenye naitrojeni. Valvu za mashine ya nje zifunguliwe hapo tu, kwa ufunguo wa pembe sita, hadi mwisho. Gesi ikishaingia kwenye paipu yenye hewa, hakuna pampu ya kuitenganisha, utaitoa yote na kununua nyingine.