Shemeji anatafuta baa ya zamani ya jangwani. Dodoma ipo?

Kutoka: Dada wa Brisbane

Wapendwa, habari za majukumu. Mume wangu ni Mwaustralia. Mwaka jana alinizungusha hadi Birdsville, kijiji cha ukingoni mwa jangwa la Simpson, ili tu tukae kaunta ya hoteli iliyojengwa 1884. Vumbi nje, kofia kuukuu darini, na watu ambao hawana haraka na lolote. Sasa Juni tunakuja Dodoma kumwona mama, naye anauliza kama na sisi tuna pa aina ile. Naombeni ushauri, na la usafiri na malipo pia, maana nimeondoka zamani.

Kutoka: Mtoto wa Kikuyu ya Dodoma, sasa Leeds

Dada, shikamoo kama umenizidi, la sivyo mambo!

Mpeleke shemeji hoteli ya zamani ya reli, karibu kabisa na stesheni ya zamani. Siku hizi inaitwa New Dodoma Hotel. Mwambie mapema kofia darini hakuna. Kuna bwawa la kuogelea na waheshimiwa wenye simu tatu tatu. Utamu wake ni pale ilipokaa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, na mji wetu umezaliwa na reli hiyo. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za kwenda Cape Town zilikuwa zikitua Dodoma. Halafu 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga kule Kongwa. Matrekta yakakutana na ardhi ya kwetu, ambayo kiangazi inakauka ikawa saruji, na 1951 serikali yao ikanyoosha mikono. Shemeji akishashusha bia ya kwanza, msimulie hiyo. Mwaustralia hawezi kukosa kucheka hasara ya Mwingereza.

Bia yenyewe ataipata popote, kwa hiyo ya pili aagize mvinyo wa Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo huko kwao si la kawaida. Ila aseme kabisa kama anataka mkavu au mtamu, maana asiposema ataletewa Dompo, na Dompo ni tamu hasa. Nyekundu ikija imetoka kwenye friji, asimkunjie mhudumu uso. Kwa joto letu la Oktoba hata mimi naipenda hivyo.

Tatizo ni Juni. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Mimi nasema laleni kwa mama, hotelini nendeni jioni, mkae, mrudi.

Kutoka: Niliyerudi, Area C, Dodoma

Naongezea kidogo. Njooni na SGR, ile treni mpya ya umeme, tangu 2024 inafika Dodoma, na ile ya haraka haifiki saa nne kutoka Dar. Stesheni yake siyo ile ya zamani iliyo karibu na hoteli, kwa hiyo mkishuka tafuteni bajaji au teksi, na patana kabla hujapanda. Dola asitoe mfukoni: kanuni za 2025 zimekataza kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, abadilishe benki au duka la fedha. Kama nawe umeshachukua pasi ya huko, viza inakuhusu. Na sweta, jamani. Watu wakisikia nusu jangwa wanabeba kaptura, halafu Juni usiku upepo unawafundisha adabu.

Kutoka: Dada wa Brisbane

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimempigia mama. Hoteli amekubali, ila mkwe hatoki nyumbani kabla hajala ugali wa uwele na mlenda. Habari za mvinyo sijamgusia, yeye ni mlokole. Swali la mwisho: SGR wanaruhusu mabegi mangapi makubwa kwa abiria mmoja? Zawadi za wajomba peke yake zimejaza mawili.