Naomba ushauri: anatishia kumwaga jina langu halisi

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa wanaojua sheria za Tanzania.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka 3 nimeandika mtandaoni kwa jina la bandia kuhusu walimu wanaowarubuni wanafunzi wa kike. Wasichana hunifungukia kwa sababu hawanijui. Nikijulikana mimi, na wao watajulikana, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wiki iliyopita mwenzangu kazini alinitambua kupitia picha ya daftari niliyoweka: pembeni ilionekana ncha ya kitambaa changu cha meza, cha bluu, nilichokidarizi mwenyewe. Ameniandikia kwamba nisipoacha atamwaga jina, namba ya simu na mtaa ninaoishi. Picha nimeifuta, ujumbe wake nimeuhifadhi. Polisi wameniambia nirudi akishachapisha. Lakini likishatoka limetoka!

Rafiki ananisukuma nimwanike yeye kwanza. Siwezi. Ana watoto wadogo, wao wamekosa nini?

Je, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya 2022, inapokea malalamiko likiwa bado tishio tu? Na wale wasichana niwaambie sasa, au nitawatia hofu bure?